Methali Si Ushahidi: Funzo la Jiji la Chicago Kuhusu Vijana

Ni nadra mjadala kuhusu vijana kupita bila methali. Mgomo ukizuka shuleni, kijana akipatikana na dawa za kulevya, au genge likitikisa mtaa, methali hutangulia kabla ya swali lolote kuulizwa. Mmoja hukumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mwingine huonya kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wa tatu huhitimisha kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wasikilizaji huafiki, kikao hufungwa, na kila mmoja hurejea kwake akiamini kuwa jambo limetatuliwa, ilhali halijaguswa.

Makala haya hayadhamirii kuidunisha methali. Msomi wa Kiswahili anayeidharau methali ni sawa na mkulima anayeidharau mbegu. Hata hivyo, mbegu si mavuno. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba methali kuhusu malezi ni dhana inayongoja kupimwa, wala si hukumu iliyokwisha kutolewa. Na kwamba jamii inayowapenda vijana wake haina budi kuthibitisha iwapo msaada inaowapa unawasaidia kweli. Jiji la Chicago, nchini Marekani, ni mfano unaostahili kuchunguzwa kwa makini mintarafu ya suala hili.

Kwanza, yafaa ikumbukwe jambo ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi analijua: methali zina tabia ya kukinzana. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Umoja ni nguvu, lakini wapishi wengi huharibu mchuzi. Ukinzani huu si kasoro. Methali huzaliwa katika muktadha, na msemaji mahiri ni yule ajuaye ipi itamkwe lini. Tatizo huanza pale methali inapong'olewa kutoka muktadha wake na kugeuzwa sera. Mwalimu mkuu anayeamua kumfukuza mwanafunzi mtukutu anaweza kujitetea kwa methali. Mwenzake anayeamua kumpa nafasi ya pili naye hakosi yake. Maadamu kila uamuzi una methali ya kuutetea, methali peke yake haiwezi kuamua. Kinachoweza kuamua ni kutazama yanayowapata vijana baadaye.

Chicago ni jiji la watu wapatao milioni 2.7, kando ya Ziwa Michigan. Katika mitaa yake ya kusini na magharibi, ambako wakazi wengi ni Wamarekani weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, bunduki imewaua vijana wengi kwa miongo kadhaa. Mengi ya mauaji hayo hayatokani na mipango ya wahalifu wakubwa. Huanza kwa ugomvi mdogo: maneno ya kejeli, kusukumana, deni dogo, au kutazamana vibaya. Kijana mwenye bunduki hukasirika kwa dakika moja na kuharibu maisha mawili, la mwenzake na lake mwenyewe.

Mwaka 2001, mshauri nasaha wa shirika liitwalo Youth Guidance, Anthony Ramirez-Di Vittorio, alianzisha mpango wa vijana wa kiume shuleni. Mpango huo huitwa Becoming a Man, yaani kukua na kuwa mwanamume, na hufupishwa kama BAM. Vijana wasiozidi 15 hivi hukutana na mshauri mara moja kwa wiki, kwa muda wa kipindi kimoja, wakati wa masomo. Huketi kwa duara. Kila mmoja hueleza hali yake ya mwili, ya moyo na ya akili. Kisha huja zoezi au mazungumzo kuhusu uadilifu, kuwajibika, kuidhibiti hasira, kuwaheshimu wanawake na kujiwekea malengo. Vijana hawahubiriwi. Hawaambiwi kuwa wao ni wabaya. Hufanyishwa mazoezi ya kutua na kufikiri kabla ya kutenda.

Zoezi mojawapo linajulikana sana. Vijana hugawanywa wawili wawili. Mmoja hupewa mpira mdogo na kuufumbata ngumini. Mwenzake huambiwa kuwa ana sekunde 30 za kuupata. Mara huzuka mvutano: vidole hukunjuliwa kwa nguvu, mikono husokotwa, wengine hubingirishana sakafuni. Muda unapokwisha, mshauri huuliza kwa nini hakuna aliyemwomba mwenzake ampe mpira. Aghalabu jibu huwa kwamba mwenzake asingekubali, au angemwona mnyonge. Ndipo mshauri anapomgeukia aliyekuwa na mpira na kumuuliza kama angeutoa iwapo angeombwa. Mara nyingi yeye hujibu kuwa angeutoa, kwani ni mpira tu.

Mtu wa Kiswahili hawezi kulisikia zoezi hili bila kukumbuka kuwa hasira ni hasara na kwamba kuuliza si ujinga. Waama, wahenga walikwisha kuliona jambo hilo. Lakini hapa ndipo penye fundisho. Vijana wa Chicago hawakukosa mtu wa kuwaambia kuwa hasira ni hasara. Walikuwa na mama, nyanya, wachungaji na walimu waliowaambia kila siku. Kilichokosekana ni mahali pa kulifanyia mazoezi neno hilo hadi liwe tabia. Kuijua methali ni jambo moja. Kuikumbuka wakati damu imechemka ni jambo jingine kabisa. Mpango huu unachukua ujumbe ambao methali huutaja kwa maneno mawili na kuupa muda wa mwaka mzima wa shule.

Lau mambo yangeishia hapo, BAM ingekuwa hadithi nzuri tu kama nyingine nyingi. Kilicholitofautisha jiji hili ni kwamba lilikubali hadithi hiyo ipimwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, kupitia kituo chao cha utafiti wa uhalifu, waliufanyia mpango huu majaribio mawili makubwa. La kwanza lilifanywa katika mwaka wa masomo wa 2009 hadi 2010 na kuhusisha vijana 2,740 katika shule 18. La pili, kati ya mwaka 2013 na 2015, lilihusisha vijana 2,064 katika shule 9. Kwa kuwa nafasi zilikuwa chache kuliko wahitaji, waliopewa nafasi walichaguliwa kwa kura. Waliokosa waliendelea na masomo na huduma za kawaida, na rekodi za shule na za polisi za makundi yote mawili zikalinganishwa.

Umuhimu wa kura unapaswa kueleweka vyema. Endapo mwalimu angewachagua wanafunzi, huenda angewachagua wenye bidii, na ufanisi wao ungekuwa ni wao wenyewe, si wa mpango. Endapo vijana wangejichagua, wangekuja waliokwisha kuamua kubadilika. Kura huondoa upendeleo huo. Kwa wastani, makundi mawili yanayogawanywa kwa kura hulingana katika yote: umaskini, alama za mitihani, historia ya ugomvi, hata mapenzi ya wazazi wao. Tofauti kubwa inayojitokeza baadaye, ambayo haiwezi kuelezwa kwa bahati tu, inaweza kuhusishwa na mpango wenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika kipindi cha mpango, idadi ya mara vijana walivyokamatwa na polisi ilipungua kwa kati ya asilimia 28 na 35. Kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa kati ya asilimia 45 na 50. Katika jaribio la kwanza, ambalo vijana wake walifuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, kiwango cha kuhitimu shule ya upili kiliongezeka kwa kati ya asilimia 12 na 19. Watafiti hao pia walichunguza mafunzo ya aina hiyo katika korokoro ya watoto ya kaunti ya Cook, palipo Chicago, na kuona kwamba waliorudishwa humo walipungua kwa asilimia 21.

Tafakuri ya matokeo haya yapasa kumrudisha msomaji kwa yule samaki. Methali hiyo inaendelea kusema kuwa samaki akikauka hakunjiki, na ni kipande hicho cha pili kinachotumiwa kuwakatia tamaa vijana wa miaka 15 au 16. Waliohusika Chicago walikuwa vijana wa umri huo, wengi wao wakiwa nyuma kimasomo, na baadhi wamekwisha kukamatwa na polisi. Kwa mujibu wa methali, walikuwa wamekauka. Kwa mujibu wa ushahidi, walikuwa bado wanakunjika, na saa moja kwa wiki ilitosha kuleta tofauti inayoonekana. Ni vijana wangapi wameachwa kwa sababu mtu fulani aliliamini fumbo bila kulipima?

Mwaka 2012 jiji hilohilo lilijaribu njia nyingine. Vijana 1,634 kutoka shule 13 za mitaa yenye vurugu waliomba kazi za muda za likizo. Kura iliwapa 730 kati yao nafasi katika mpango wa wiki nane wenye malipo, kila mmoja akiwa na mtu mzima wa kumwelekeza. Katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa asilimia 43 miongoni mwa waliopata nafasi. Jambo la kuvutia ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilionekana baada ya kazi kwisha. Kwa hivyo haielekei kuwa vijana waliacha vurugu kwa sababu tu walikosa nafasi ya kuzurura.

Ukweli unadai yasemwe na yale yasiyopendeza. Mpango huo wa kazi haukuinua alama za shule, na kwa wastani haukuwapatia vijana ajira bora baadaye. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha hata kuongezeka kwa kukamatwa kwa makosa ya mali. Mwanasiasa angeyaficha haya. Jiji linalofuata ushahidi huyaweka mezani, kwa kuwa ni hayo yanayoonyesha kwamba kazi ya likizo inaweza kupunguza kupigana bila kutibu umaskini, na kwamba kila tatizo linahitaji dawa yake.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini taabu yote hii? Je, si dhahiri kuwa kumsaidia mtoto kutamsaidia? La hasha. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville huko Massachusetts, wavulana 506 waligawanywa makundi mawili. Wa kundi la kwanza walitembelewa na washauri, wakafunzwa masomo ya ziada, wakatibiwa na kupelekwa kambi za likizo kwa miaka kadhaa. Wa kundi la pili waliachwa. Baada ya miaka 30, mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Wengi wa waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa. Lakini rekodi zao, alizozichapisha mwaka 1978, zilionyesha kinyume: katika vigezo kadhaa, vikiwemo ulevi, magonjwa na uhalifu wa kurudiarudia, hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wenzao walioachwa. Nia ilikuwa njema na shukrani zilikuwa za dhati, lakini madhara nayo yalikuwa ya kweli.

Mfano wa pili unagusa moja kwa moja methali ya mchelea mwana. Katika miaka ya 1970, gereza la Rahway huko New Jersey lilianza kupokea vijana watukutu ili wafungwa wa vifungo virefu wawatishe kwa kelele na visa vya kuogofya. Filamu ya mwaka 1978 kuhusu mpango huo ilishinda tuzo ya Oscar, na miji mingi ikauiga. Baadaye Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio tisa ya mipango ya namna hiyo. Ilibainika kuwa vijana waliotishwa walifanya uhalifu zaidi kuliko wale ambao hawakufanyiwa lolote. Tisho lililosifiwa na watazamaji lilikuwa likiwadhuru waliokusudiwa kuokolewa. Nchini Kenya, ambako kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na bado kina watetezi wanaojificha nyuma ya methali, habari hii si ya kupuuzwa. Haithibitishi lolote kuhusu kiboko chenyewe, lakini inathibitisha kuwa imani ya watu wazima katika hofu si kipimo cha faida yake.

Wapo wanaopinga upimaji kwa hoja nzito. Wa kwanza husema kuwa kumnyima kijana msaada kwa kura ni ukatili. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama nafasi zingetosha wote. Zinapokuwa chache, lazima wengine wakose. Swali ni kama watakosa kwa kura iliyo sawa kwa wote au kwa kutojuana na mkubwa. Aidha, mradi usiopimwa nao ni jaribio juu ya vijana, ila ni jaribio ambalo matokeo yake hayaandikwi popote.

Wa pili husema kuwa Chicago ingali na vurugu, kwa hivyo haina la kumfunza mtu. Ni kweli kwamba mwaka 2016 zaidi ya watu 750 waliuawa katika jiji hilo, na mwaka 2021 idadi ikakaribia 800. Idadi hiyo ilipungua miaka iliyofuata, lakini haitakuwa haki kuipa mipango hii sifa yote ya kupungua huko, kama isivyo haki kuitwika lawama yote ya kuongezeka. Maelfu machache ya vijana katika jiji la mamilioni hawawezi kuigeuza historia ya ubaguzi, ya biashara ya bunduki na ya shule zilizotelekezwa. Kinga iliyopimwa haidai kuponya kila kitu. Inadai jambo dogo zaidi: kwamba kwa vijana hawa, kwa gharama hii, hiki kilifanya kazi na kile hakikufanya.

Wa tatu, na huenda ndiye aliye karibu zaidi na wasomaji wa jarida hili, husema kuwa binadamu si takwimu. Fasihi imejengwa juu ya kauli hiyo. Lakini takwimu haimfuti mtu. Humzuia msimulizi asimteue yule mmoja anayemfaa. Mwezi Februari 2013 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, aliketi katika duara la BAM kwenye shule ya Hyde Park Academy, na mwaka uliofuata akazindua mpango wa kitaifa wa kuwainua vijana wa kiume. Picha za mkutano ule zilisisimua wengi. Hata hivyo, kilichostahili kuaminiwa si picha za mgeni mashuhuri, bali hesabu za vijana ambao hawakupigwa picha.

Fikra hii si ngeni kabisa katika Afrika Mashariki. Jijini Nairobi na katika kaunti jirani ya Kiambu, mpango ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn ulijaribiwa kwa namna hiyohiyo kwa wanafunzi 413 wa shule za upili waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi uliopindukia. Kundi moja lilipata vikao vinne vya saa moja kuhusu shukrani, maadili ambayo kijana anayathamini, na imani kuwa mtu anaweza kukua. Kundi la pili lilifunzwa mbinu za kusoma. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali vijana waliomaliza shule ya upili majuzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la kwanza lilipata nafuu zaidi. Mpango huo una jina la Kiswahili: Shamiri.

Jina hilo ni fahari, na pia ni deni. Upimaji wowote wa aina hii husimama juu ya maswali, na maswali husimama juu ya maneno. Hojaji zinazotumika sana kupima huzuni na wasiwasi zilibuniwa kwanza kwa Kiingereza. Anayezileta katika Kiswahili hukabiliwa na uteuzi mgumu: je, kijana wa Kayole, wa Kisauni au wa Nakuru akisoma neno sonona ataelewa kilichokusudiwa? Akisema moyo wake ni mzito, au kwamba anafikiria sana, anasema jambo lilelile? Neno likikosewa, jibu litakosewa. Jibu likikosewa, kijana anayeumia atahesabiwa kuwa mzima. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa daktari wala mwanatakwimu peke yake. Ni ya mtaalamu wa tafsiri, wa isimujamii na wa semantiki.

Vilevile, idara za Kiswahili huwatoa walimu watakaokaa darasani na vijana kwa miaka 30 ijayo, pamoja na waandishi wa tamthilia za kuwaonya vijana kuhusu ulevi, mimba za mapema na magenge. Kila mwaka tamthilia hizo hushangiliwa na kutunukiwa vikombe. Je, kijana aliyeitazama hutenda tofauti na ambaye hakuitazama? Mtafiti wa shahada ya uzamili anayekusanya methali 300 kuhusu malezi ametenda jema. Atatenda jema zaidi akiuliza ni zipi vijana huzisikia, huzielewa vipi, na zina athari gani kwao.

Wahenga hawakuziokota methali njiani. Walitazama, wakalinganisha, wakakumbuka, kisha wakasema. Anayezikariri bila kutazama huirithi kauli yao huku akiitupa kazi iliyoizaa. Kijana anayengoja nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mama yake akiwa kando yake, hana haja ya kujua ni methali ipi itakayotamkwa humo ndani. Ana haja ya mtu mzima aliyejisumbua kujua ni kipi kilichowafaa vijana kama yeye.